Mtu mzima akikimbia mnamuuliza nani anamkimbiza

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote mnaokesha kutuandalia gazeti. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, leo imebidi, kwasababu ile makala ya ukurasa wa afya iliyosema watu wazima hatufanyi mazoezi sababu ya uvivu imenikwama kooni tangu nilipoisoma. Sikatai mwandishi wenu kaandika vizuri tu, lakini neno uvivu kalirudia mpaka nikaanza kuhesabu, nilipofika saba nikaacha. Saba Mhariri, kwenye nusu ukurasa! Na juu yake mmeweka picha ya kijana tumbo limekatikakatika kama barafu kwenye trei.

Sasa naomba kuuliza, mtu anayeamka kabla jua halijatoka akaandaa watoto, akagombania basi, akashinda kazini mpaka jioni, akarudi akapika akafua akakagua madaftari ya shule akalala saa tano usiku, huyu ndo mvivu? Mvivu kwa ratiba hiyo hafiki hata Jumatano. Kuna kitu kingine kinachomzuia na mi nadhani nakijua, maana kilinizuia mwenyewe miaka minne mizima na kama si maradhi kingekuwa kinanizuia mpaka leo.

Nina miaka 47, kazi yangu ya kukaa, napokea fomu nagonga mihuri naingiza kwenye kompyuta. Nilipokuwa na 43 niliamua mwenyewe bila kuambiwa na mtu kwamba sasa nianze mazoezi, nikanunua raba, nikanunua na trakisuti ya bluu yenye mstari mweupe pembeni, usiku ule nikaijaribu mbele ya kioo kama bibi harusi. Asubuhi saa kumi na mbili nikatoka. Hatua hazijafika hamsini nikakutana na jirani yetu, mama wa makamo, yuko nje anafagia.

Shikamoo. Marahaba mwanangu, kwema huko? Kwema tu. Mbona mbiombio asubuhi hii, nani anaumwa?

Nani anaumwa! Nikamwambia hakuna anayeumwa, nafanya mazoezi tu. Akaacha kufagia, akaegemea fagio, akaniangalia kuanzia raba mpaka kichwani, afu akasema kwa sauti ya chini ya huruma kabisa, "Umepimwa sukari nini?"

Nikacheka nikapita. Nimefika kwenye kona, kuna bwana mmoja tunafahamiana akasimamisha gari akafungua mlango, "Dada ingia twende, umechelewa leo?" Na mi, Mhariri, nikaingia. Sijui mpaka leo kwanini niliingia. Nilishindwa kutamka mbele ya mtu mwenye suti kwamba siendi popote, natembea tu. Akanishusha kituo cha basi, nikasimama pale na trakisuti yangu mpya najifanya nasubiri basi mpaka gari lake lilipopotea, afu nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili yule mama asinione. Hayo ndo yalikuwa mazoezi yangu ya siku hiyo, kurudi. Raba nikazisukumia chini ya kitanda na zikakaa huko miaka minne.

Ndo maana nasema neno lenu uvivu halitoshi. Mtoto akikimbia hakuna anayemuuliza, anacheza. Kijana akikimbia ni mwanamichezo. Mtu mzima akikimbia lazima awe amechelewa, anafukuzwa, au ana ugonjwa, la sivyo kachanganyikiwa. Yaani mtu mzima anatakiwa awe na kibali cha kuutikisa mwili wake, na kibali chenyewe hakitolewi mpaka awe na safari au awe na cheti cha daktari. Wazee walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota, lakini hebu wewe mwenda bure upite mbele za watu uone utakachookota, ni maswali tu.

Na msidhani ni majirani peke yao. Nyumbani kwangu mwenyewe siku nilipojaribu kuruka kamba uani, watoto walicheka mpaka mmoja akakaa chini, akaja mkubwa wao na simu anataka kunirekodi. Hawakuwa na ubaya wowote. Walikuwa hawajawahi kumwona mama yao miguu yote miwili ikiwa hewani kwa wakati mmoja.

Hivi mnajua takwimu zinasemaje? Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2024, kwamba mwaka 2022 watu wazima karibu bilioni 1.8 duniani, ambao ni asilimia 31, walikuwa hawafikii kiwango cha kuushughulisha mwili kinachopendekezwa. Mwaka 2010 ilikuwa kama asilimia 26. Nchi zilishajiwekea lengo la kupunguza tatizo kwa asilimia 15 ifikapo 2030, badala ya kupungua linapanda, na likiendelea hivi wanasema itafika asilimia 35. Sasa mwandishi wenu anataka kuniambia kwamba baada ya 2010 mamilioni ya watu wazima dunia nzima waliamka siku moja wakawa wavivu? Uvivu gani huo unaoambukiza kama mafua.

Afu kwenye hesabu hizohizo wanawake ni asilimia 34 na wanaume 29. Kwa hiyo wanawake ndo wavivu zaidi? Haya, niambieni mwanamke anafanya saa ngapi. Alfajiri giza, njia haina taa, na ukisikia hatua nyuma yako moyo unakwenda mbio kabla ya miguu. Jioni ndo kila mtu nyumbani ana njaa na anakutazama wewe. Mchana uko kazini. Na ukibahatika kupata huo muda unaanza mtihani wa nguo, hii inabana watasema, hii ndefu utajikwaa, na kuna wanaume wamekaa tu kando ya barabara kazi yao kutoa maoni juu ya kila mwili unaopita mbele yao, wa kupongeza sawa na wa kutukana, yote mabaya. Nikiwasikia wanasema "mama ongeza spidi hicho kitambi kitoke" natamani ardhi inimeze mimi na trakisuti yangu.

Kuna habari moja ya zamani naipenda sana, nilisimuliwa na daktari wangu (huyo nitamfikia). Daktari mmoja Mwingereza anaitwa Jeremy Morris aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, matokeo yakatoka 1953. Basi moja, hali ya maisha inakaribiana, ila dereva amekaa zamu nzima na kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi mamia kila siku kukusanya nauli. Wakakuta madereva ndo wanaougua moyo zaidi kuliko makondakta. Hebu fikirini hapo. Kondakta hakuwa na bidii ya mazoezi kuliko dereva wala hakuwa na trakisuti. Alikuwa na ngazi. Dereva alikuwa na kiti. Na huyo Morris mwenyewe aliishi mpaka miaka 99 kwahiyo nadhani alijua anachokisema.

Sasa njooni ofisini kwetu muone ngazi zetu. Jengo lina ghorofa nne, mi niko ya tatu, nilipoanza huu mpango wangu nikasema lifti basi, natumia ngazi. Mlango wa ngazi umefungwa kufuli. Ufunguo anao mlinzi. Mlinzi akaniuliza, "Lifti mbovu?" Nikasema nzima. Akasema sasa ngazi za nini. Akafungua kwa shingo upande, ndani giza, taa ziliungua zamani na hakuna aliyejua, na kuanzia ghorofa ya pili viti vibovu vimepangwa mpaka juu, wamegeuza stoo. Nilipita kwa kujibanza ubavu mpaka sketi ikashikwa na msumari. Na ofisi hiyohiyo ubaoni imebandikwa karatasi yenye picha ya moyo imeandikwa FANYA MAZOEZI LINDA AFYA YAKO. Printa iko pembeni yangu nanyoosha mkono tu, maji ya kunywa yako pembeni, faili zote ziko kwenye kompyuta, mtu wa idara nyingine nikimhitaji natuma meseji. Kwa siku nzima ya kazi mwili wangu ulikuwa unatumika kubebea kichwa tu.

Afu jioni ndo unasikia "hata nusu saa unakosa?" Mhariri kuna uchovu wa aina mbili na watu wanauchanganya. Mi nikitoka kazini miguu haijafanya chochote lakini kichwa kimepondeka, na kichwa kikishapondeka hakitaki maamuzi, na mazoezi kwa mtu ambaye hajazoea ni maamuzi matupu, nivae nini, nipite wapi, nianze saa hii au nikishapika, mvua itanyesha, nani ataniona. Kukaa hakuna maamuzi. Nakubali simu nayo ipo, sitaki kujifanya malaika, nimewahi kusema sina muda nikiwa nimelala na simu usoni saa nzima na nusu mpaka ikaniangukia puani. Uvivu upo. Nachokataa ni kuufanya ndo jibu la kila kitu, maana ukishamwita mtu mvivu huna haja tena ya kwenda kuangalia ngazi zake.

Kingine kinachotufukuza ni nyie wa kutushauri. Mnaanzia juu mno! Hatua elfu kumi kwa siku, kila mahali elfu kumi, nikajua ni hesabu ya madaktari. Kumbe ilianza Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki za Tokyo, kampuni moja iliuza kifaa cha kuhesabia hatua na jina la kifaa kwa Kijapani maana yake kipima hatua elfu kumi. Jina la bidhaa! Na mi huku nikitembea hatua elfu tatu nilikuwa najiona nimefeli, nikifeli siku tatu naacha. Wakati Shirika la Afya lenyewe linachosema kwa mtu mzima ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au nusu ya hizo kama unajituma kwelikweli, na siku mbili uikaze misuli. Wastani wenyewe ni ule unaoweza kuongea ila huwezi kuimba. Zamani walikuwa wanasema kila kipande kisipungue dakika 10 ndo kihesabiwe, mwaka 2020 wakaondoa hiyo kitu, sasa hata dakika tatu za kupanda ngazi zimo. Kutembea kwenda kazini kumo, kufagia kwa nguvu kumo, na yule anayebeba mizigo mgongoni kutwa naye yumo, kwahiyo mkimkuta kakaa jioni mwacheni akae, msimpelekee habari za jogingi.

Haya tungeambiwa mapema. Mi sikuambiwa hata kuhusu maumivu. Mara yangu ya pili kujaribu nilifuata video, skwati, pushapu za magotini, kuruka, dakika arobaini siku ya kwanza, najiona shujaa. Kesho yake nimekakamaa kidogo. Kesho kutwa ndo nikajua, mapaja yamekataa, kukaa chooni nashikilia ukuta kwa mikono miwili, kushuka kitandani kwa mafungu. Nikaamini nimechana kitu ndani. Nikaacha. Baadae sana ndo naambiwa hayo maumivu ya siku ya pili na ya tatu ni ya kawaida kwa misuli isiyozoea, yanaisha yenyewe, na dawa yake ni kuanza kidogo. Mstari mmoja tu huo mngeuweka gazetini pale mlipoandika uvivu mara ya nne.

Na tukirudi nyuma zaidi, wengi wetu mazoezi tulikutana nayo wapi? Shuleni, kama adhabu. Umechelewa, zunguka uwanja mara tano. Umepiga kelele, ruka kichura. Na kwenye michezo waliochaguliwa ni wale kumi na moja, sisi wengine tulipewa kazi ya kushangilia na kushika mashati. Mtu kafundishwa miaka yote ya utoto kwamba kukimbia ni malipo ya kosa, akifika arobaini unamwambia kukimbia ni raha, atakuelewaje.

Sasa huyo daktari. Mwaka jana nilikwenda kwa kichwa kuuma, nikapimwa presha, iko juu, akanipa dawa akaniambia mama, utembee. Sio kwa ukali. Akaniuliza unaweza kutembea dakika kumi? Nikasema naweza. Basi anza na hizo. Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza naweza nini, wote walikuwa wananiambia natakiwa nini.

Nikavuta raba kutoka chini ya kitanda, moja soli imeanza kubanduka kwa kukaa bure. Asubuhi nikatoka, yule mama yuko palepale na fagio lake. Mbona mbio mwanangu? Nikamwambia daktari kasema. Mhariri, uso wake ulibadilika wote. "Aah! Pole mwanangu, basi nenda, nenda, usisimame na mimi hapa utapoa." Akanipisha na njia kabisa. Yule bwana wa gari nae nikamwambia hivyohivyo, akasema safi sana, akaondoka. Nyumbani watoto hawakucheka tena, mmoja akawa ananiamsha. Kibali nimepata! Mwili uleule, trakisuti ileile ya bluu, imenibana zaidi tu kiunoni, kilichoongezeka ni ugonjwa. Sasa mnaona ubaya wake ulipo? Nilipokuwa mzima nikataka kujikinga nilionekana kituko, nilipoumwa ndo nikaruhusiwa.

Haikuwa rahisi hata na kibali, nisiwadanganye. Kuna utafiti wa London uliochapishwa 2010 uliowafuatilia watu wanaojaribu kuanza mazoea mapya, wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo likawa linajiendea lenyewe, wa haraka zaidi siku 18, na wa mwisho kabisa wakamkadiria 254. Mi ni yule wa 254, najijua. Kuna wiki niliruka zima. Ila nilichojifunza ni kuondoa maamuzi, nguo naziweka kwenye kiti usiku, njia ni ileile, saa ni ileile, natoka kabla kichwa hakijaanza kubishana.

Na kama serikali na wenye miji wananisoma, kule Bogotá Kolombia tangu 1974 wanafunga barabara Jumapili, zaidi ya kilomita mia, magari yanakaa pembeni watu wanatembea wanaendesha baiskeli, wazee, wajawazito, wenye vitambi, wote barabarani. Pale nani atakuuliza unakimbizwa na nani? Hata huyo wa kukuuliza nae kavaa bukta yuko nyuma yako anahema. Sisemi kila mji uige, kuna miji hata njia ya waenda kwa miguu haina, mtu anatembea bega lake linaguswa na kioo cha lori, hapo waanze na njia kwanza.

Ombi langu kwenu nyie wa gazeti ni dogo. Mkiandika tena habari hizi tafuteni picha ya mtu kama mimi, amevaa nguo isiyompendeza, jasho linamtoka, anatembea tu. Pigeni hata ya mgongo kama anaona haya. Mkiiweka mara tatu nne, watu wakizoea kuiona gazetini wataizoea na mtaani. Na huyo mwandishi wenu mtumeni akaulize watu kabla hajawahukumu, na aende kwa miguu.

Mi presha yangu imeshuka, dawa naendelea kumeza kama nilivyoambiwa, na dakika kumi zimekuwa thelathini na tano. Yule mama kila asubuhi ananiuliza sukari inaendeleaje. Sukari sina, sijawahi kuwa nayo, lakini namjibu inaendelea vizuri mama ahsante, nisije nikanyang'anywa kibali.

Wenu msomaji,
Mama Trakisuti